Maji ya Kukandia

Watu wa Timbwani walimcheka Mzee Boga, tena walimcheka mbele yake, wamekaa kwenye benchi lake mwenyewe wakingoja kanzu zao zishonwe. Mtu mzima na akili zake, jasho lamtiririka mgongoni, feni yazunguka juu kwa kujivuta, naye asema ataka maji ya moto. Tena wapi? Darini! Pale chini ya mabati, mahali ambapo mshumaa hupinda wenyewe kwa joto bila kuwashwa, ndipo Boga ataka kupeleka maji ya moto.

"Mzee, kwani wahamia Limuru kwenye baridi?" mmoja akamuuliza, na benchi zima likaangua kicheko.

Boga akaendelea kukanyaga cherehani yake. Na angejibu nini, maskini? Jambo lenyewe lilikuwa la kike, na Boga alikuwa mtu wa haya. Angeweza kukushonea suruali, akakupima kiuno na paja huku akikueleza habari za dunia nzima, lakini ukimtajia uzazi, macho yake hutafuta dirisha.

Mambo yalikuwa hivi. Bintiye wa pekee, Ummi, alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Na kwao mwanamke akizaa mtoto wa kwanza hurudi kwao. Akitoka hospitali huenda kwa mamake, akakaa arubaini yake, akala, akalala, na akakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka mwili ukarudi mahali pake. Ndivyo alivyokandwa nyanyake, na ndivyo alivyokandwa mamake. Sasa mamake Ummi, Bi Mejumaa, Mungu amrehemu, alikuwa ametangulia mbele ya haki, na nyumba ikabaki na Boga, cherehani, na wanaume wa Timbwani wasioisha kuja kupimwa suruali.

Upande wa pili kulikuwa na Bi Nasreen wa Shanzu, mama yake Ahmad, mume wa Ummi. Usidhani alikuwa mkwe mkorofi, la. Bi Nasreen alikuwa na ulimi wa asali na nyumba ya kupendeza, na alichosema alikisema kwa nia njema: "Ummi akae tu kwangu. Chumba chake kipo, na maji ya moto yatoka ukutani."

Yatoka ukutani! Neno hilo lilimchoma Boga, akawa analirudia peke yake akitia uzi kwenye sindano. Na Ummi mwenyewe alipopiga simu hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Baba, nataka kuja. Lakini nikija nitakaa wapi?"

Ndilo swali. Chini, chumba cha mbele ni cha ushonaji, cha nyuma ndimo alalamo Boga, na ukumbi katikati ni njia ya kila mtu aendaye uani. Mwanamke aliyejifungua atapitaje hapo na leso kifuani? Ikabaki dari. Nyumba ile ilikuwa na dari ya zege, na juu yake mabati yaliinuliwa sana, kwa hiyo mlikuwa na nafasi kubwa iliyojaa nazi kavu, marobota ya vitambaa na vumbi la miaka mingi. Boga akaiondoa takataka yote, akatia dirisha upande wa upepo, akapiga mbao chini ya mabati kuzuia joto, akajenga ngazi ya simiti. Kikawa chumba, wallahi, chumba cha kumtia mtu raha. Kilichokosekana ni bafu.

Boga alikuwa na dada yake, Mwanatatu, ambaye ndiye mkandaji. Likoni yote ilimjua. Huyu alimwambia kaka yake waziwazi, mikono kiunoni: "Ndugu yangu, goti hili laniuma. Kupanda nitapanda, pole pole. Lakini kubeba sufuria la maji yachemkayo kwenye ngazi, mie siwezi. Nikiteleza nitamchoma mtoto wa watu. Niwekee maji ya moto huko juu, mengine niachie."

Basi Boga akamwita fundi wa mabomba. Fundi mwenyewe akiitwa Mutua, Mkamba akaaye Chaani, mwanamume mpole mwenye kofia ya kijani isiyotoka kichwani. Alipanda ngazi, akazunguka, akagonga ukuta kwa kiganja, akachungulia tangi lililokuwa nje.

"Mzee, kuna njia tatu," akasema. "Kuna ile shawa ya stima, inapasha maji palepale yakipita. Ni rahisi. Lakini maji yako ya kisima yana chumvi, yataila haraka. Na ikishaliwa inaanza kupiga shoti. Mtu anaoga huku anarukaruka."

Boga akamfikiria Ummi akirukaruka. "Hiyo haifai. Nyingine?"

"Kuna hita ya tangi, hii ya kutundika ukutani. Nayo ni nzuri, lakini stima ikipotea, maji yanapoa, basi."

"Stima hapa hupotea ikijisikia."

"Basi ni sola. Tunaiweka juu ya mabati, jua linafanya kazi yake. Jua hapa hamjakosa." Mutua akacheka. "Maji ya kisima tutayaacha yaende chooni, haya ya bomba la kaunti ndiyo tupeleke kwa sola. Ila tangi lazima lipande juu. Likikaa pale lilipo, maji hayatafika huku darini. Yatatoka kama mtu anayelia bila kutaka kuonekana."

Boga akampenda fundi huyu. Akamwambia atafikiria.

Kufikiria kwenyewe kulimpeleka Shanzu. Alijiambia aenda kuwasalimia wakwe, na ni kweli aliwasalimia, lakini mtu hapandi feri na kuvuka mji mzima na furushi la maembe kwa ajili ya salamu tu. Alitaka kuliona lile bafu. Ummi alikuwa kliniki na Ahmad siku hiyo. Bi Nasreen akampokea vizuri, akamtilia sharubati, wakaulizana hali za wazima na wagonjwa. Boga alipomaliza glasi ya pili, akaomba kwenda msalani.

Akajifungia ndani. Loo! Kulikuwa na tailzi mpaka juu, kioo, na shawa pana kama sahani ya pilau, na chini yake kishikio kimoja kinachong'aa. Boga akakiangalia. Akakigusa. Alikuwa ataka kujua tu maji huja na nguvu gani, na moto wake ni wa kiasi gani, ili akamweleze Mutua. Akanyoosha mkono, akakivuta.

Maji yalimshukia utosini kwa wingi asioutarajia, kwanza baridi, kisha moto, kisha moto sana. Boga akasukuma kishikio upande huu, upande ule, akipiga kelele kwa sauti ya chini kama mwizi aliyebanwa kidole. Alipofanikiwa kuyafunga, kanzu yake nyeupe ilikuwa imemganda mwilini na kofia imelowa chapachapa. Akakaa kwenye ukingo wa choo akajiuliza atatoka vipi. Akaona dirisha. Likawa dogo.

Alipofungua mlango, Bi Nasreen alikuwa amesimama ukumbini, amemgeuzia mgongo kwa heshima, na mkononi ana taulo na kanzu ya Ahmad.

"Bomba lile ni kali, Baba Ummi," akasema bila kugeuka. "Hata mie liliniogesha siku ya kwanza."

Boga akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini njiani kurudi, amevaa kanzu ya mkwewe iliyomfika chini ya magoti tu, akili yake ilikuwa imeshaamua. Shawa kama ile. Maji ya moto kutoka juu, yenye nguvu. Ummi asikose kwa babake alichokipata kwa watu.

Akamwambia Mutua: sola iwekwe, tangi lipandishwe juu ya vyuma, na bafuni atie shawa pana. Mutua akaitikia. Kisha akauliza swali la kifundi, swali la maana.

"Na maji moto, mzee, ni ya kuoga?"

Boga akakohoa. Mwanamume mgeni huyu, ataanzaje kumweleza habari za mzazi, mwanamke aliyejifungua? Akatazama dirisha. "Ni ya kukandia."

"Aah. Ya kukandia."

"Ya kukandia tu. Kuoga, nani Likoni aoga maji ya moto?"

"Ni kweli, mzee. Na nani atakuwa anakanda?"

"Dadangu. Yule kwa kukanda hana mpinzani. Watu humfuata kutoka Mtongwe."

Mutua akaonyesha heshima. "Na itakuwa kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Asubuhi na jioni! Hiyo si kazi ndogo. Maji yasikose, basi." Akakiona kigoda kilichowekwa pembeni, kigoda cha mti, kifupi, kilichong'aa kwa kukaliwa. "Na hiki?"

Boga alikipandisha mwenyewe asubuhi ile. Kilikuwa cha Bi Mejumaa. Ndicho alichokalia akikandwa alipomzaa Ummi, naye Boga, kijana wakati huo, akibeba ndoo kutoka jikoni mpaka mlangoni, akabisha, ndoo ikavutwa ndani na mlango ukafungwa usoni mwake. Yaliyofanyika ndani hakuyajua wala hakuuliza. "Hicho ndicho cha kukalia wakati wa kukanda," akasema. "Kisitoke hapa."

"Nimeelewa kabisa, mzee," akasema Mutua, na wallahi alidhani ameelewa.

Ikatokea msiba Msambweni, Boga akaenda kuzika na kukaa matanga. Huko nyuma Mutua akafanya kazi kama mtu anayejijengea mwenyewe. Boga alirudi Alhamisi alasiri. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Ummi na Bi Nasreen walikuwa waje kukitazama chumba, na Ummi angesema neno lake la mwisho. Mutua alikuwa akimngoja chini ya ngazi, kofia mkononi kwa mara ya kwanza.

"Karibu uone, mzee."

Juu, mambo yalipendeza. Shawa ilikuwa pana, si kama ya Shanzu, lakini yatosha. Mutua akaifungua, maji yakashuka kwa nguvu. Boga akatia mkono. Akangoja. Akangoja tena.

"Mbona baridi?"

"Hiyo ni ya kuoga. Wewe mwenyewe ulisema hakuna mtu wa Likoni anaoga maji moto. Moto uko huku." Mutua akamwonyesha pembeni. Palikuwa na mfereji mmoja chini kabisa ukutani, usawa wa goti, na mbele yake kibaraza cha simiti kilicholainishwa vizuri, kimepigwa tailzi nyeupe juu, bado kibichi pembezoni. Akafungua mfereji, mvuke ukapanda. "Dada anakaa kwa kile kigoda, sinia anaweka hapa juu, unga uko hapa, maji anachota bila kuinuka. Nilipima na kigoda chenyewe. Hata chapati mia atakanda, mgongo hautamuuma."

Boga akabaki kinywa wazi. "Unga?"

"Ee, mzee. Si ni wa chapati? Ama ni mahamri?"

"Mutua, mie nazungumza habari ya mzazi! Mwanangu azaa! Akandwa yeye!"

Mutua akamtazama, kisha akautazama mfereji, kisha akamtazama tena. "Mtu? Anakandwa mtu?"

"Mtu! Kwa maji ya moto! Kwani kwenu mwanamke akizaa hufanywa nini?"

"Anapewa uji," akasema Mutua kwa sauti ndogo. "Na supu."

Boga akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Hasira zilimpanda, na ningekuwa mie ningeitupa ile kofia ya kijani mpaka baharini, lakini alipoutazama uso wa fundi, uso wa mtu aliyetaka kufanya jambo jema, hasira zikamshuka. Kosa lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyekuwa akiongea na dirisha. Neno moja tu alilopaswa kulisema wazi, nalo lilimshinda.

"Nitavunja, mzee," akasema Mutua. "Nitapandisha bomba mpaka kwa shawa, kwa gharama yangu. Lakini leo simiti ni mbichi na bomba zenyewe sina. Nipe Jumamosi."

Jumamosi! Na wageni Ijumaa. Boga alishika simu mara nyingi ili amwambie Ummi asije, na kila mara akairudisha mfukoni. Akimwambia asije, atakwenda zake Shanzu, na mjukuu wake wa kwanza ataanza kucheka kwa watu. Roho ilimuuma vibaya.

Wakaja. Ummi alikuwa mzito kwelikweli, anatembea akijishika kiuno. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu," akaitikia Boga. Bi Nasreen akamwuliza hali bila kutaja kanzu, Mungu ambariki. Mwanatatu naye akawasili na mkongojo wake, wanawake watatu wakapanda ngazi taratibu. Boga akabaki chini kwenye cherehani, kwa kuwa hakuwa na uso wa kupanda nao. Hata benchi lilikuwa limejaa wateja siku ile, na yeye akashona mshono mmoja mara tatu.

Akasikia shawa ikifunguliwa huko juu, ikafungwa. Kisha Mwanatatu akapiga ukelele, ukafuatwa na kicheko kilichotikisa dari.

"Boga! Njoo huku!"

Akapanda, miguu mizito, maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari mdomoni. Akamkuta dada yake amejimwaga kwenye kile kibaraza cha simiti, amekaa raha mustarehe, goti lake limenyooshwa, na beseni pembeni limejaa maji yanayofuka.

"Nani aliyemfundisha fundi huyu?" akauliza Mwanatatu. "Miaka yote nakanda watu nimeinama, nanyanyua ndoo, nachota, mgongo wavunjika. Leo nimekaa kitako, mzazi yuko mbele yangu, maji haya hapa. Nachovya kitambaa, nakamua, nakanda. Hata sinyanyuki!"

"Lakini shawa..." Boga akaanza.

"Shawa ya nini? Mzazi hamwagiwi maji kama gari! Hukandwa kwa kitambaa, tumbo, nyonga, mgongo, pole pole. Shawa ni yangu mie nikimaliza, maana nitakuwa nimetoka jasho."

Bi Nasreen akacheka. "Ndilo nililokuwa naliwaza nyumbani kwangu," akasema. "Kwangu maji hutoka juu kabisa. Ndoo angeibeba nani, mie na mgongo huu?"

Boga hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa anamtazama Ummi. Ummi alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mamake, miguu ameitanua kidogo kwa sababu ya tumbo, na bila kuinama alikuwa amenyoosha mkono akaufikia mfereji. Akaufungua kidogo, akaufunga. Akaufungua tena. Machozi yalikuwa yanamdondoka.

"Baba, nani alipima?"

Hapo angeweza kujisifu, na nani angejua? Lakini Boga hakuwa mtu wa hivyo. "Fundi," akasema. "Nilimwambia kukanda, nikaona haya kumaliza maneno. Yeye akadhani ni unga. Akapima na kigoda cha mamako, akidhani hapo ndipo atakapokaa mpika chapati."

Wakacheka, wallahi walicheka, Ummi akalishika tumbo akimwomba shangazi yake anyamaze asije akazaa hapohapo. Kisha kicheko kikageuka kilio, na akaongea akijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Baba, mie nilikuwa nasita kuja. Si kwa ajili ya bafu. Niliogopa. Nikajiambia nitaingia nyumba ambayo mama hayumo, nitalia, na wewe utasimama mlangoni hujui la kufanya. Sasa nimekaa mahali pake na kila kitu nakifikia." Akapiga tailzi kwa kiganja. "Mwambie fundi asivunje. Nakuja nyumbani."

Boga akamwekea mwanawe mkono kichwani, kama alivyokuwa akimwekea alipokuwa mdogo, akauacha hapo.

"Haya basi," akasema Bi Nasreen, naye amelengwalengwa na machozi. "Jumapili nitaleta nguo zake. Na zangu chache. Mjukuu si wako peke yako, Baba Ummi."

"Karibu, Mama Ahmad. Nyumba ni yako," akasema Boga, na alimaanisha.

Akashuka ngazi akampigia Mutua simu, akamwambia asivunje chochote. Upande wa pili fundi akauliza kwa matumaini kama wameamua kupika chapati. Boga akamwambia aje siku ya arubaini, atazila, na uji pia atapewa.

Akarudi kwenye cherehani. Benchi lilikuwa limesikia vicheko na vilio, na masikio yalikuwa yamesimama wima. Yule aliyemtania habari za Limuru hakuweza kuvumilia.

"Mzee Boga, kwani haya maji yako ya moto hasa ni ya nini?"

Boga akaweka kitambaa chini. Safari hii hakutafuta dirisha.

"Ni ya kumkanda mwanangu," akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Azaa mtoto wake wa kwanza, na arubaini yake ataikaa hapa, kwa babake. Haya, nani kanzu yake ilikuwa ya mwanzo?"